Usiipige kama kidumbaki

Mpiga fidla mmoja mzee, ambaye nimekaa nyuma yake kwenye taarabu miaka mingi na kanuni yangu, ile ala ya nyuzi nyingi, mapajani, aliitazama ala iitwayo Chapman Stick niliyokuja nayo mazoezini akauliza: "Umeng'oa mwimo wa mlango wa nani, mwanangu?"

Hakukosea sana. Stick haina tumbo kama la udi. Ni ubao mmoja mwembamba, mrefu kama mita moja hivi, una freti, vile vijichuma vinavyokingama kama kwenye shingo ya gitaa, tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, na juu yake zimepita nyuzi kumi. Unaivaa kwa mkanda begani na ndoana kwenye mshipi, ikasimama mbele ya kifua chako. Hakuna risha, kile kipande cha kuchapia nyuzi, wala kuvuta uzi. Vidole vya mikono yote miwili vinaugonga uzi kwenye freti, pikapu, kinasa sauti cha umeme, inachukua sauti na kuipeleka kwenye amplifaya. Umeme ukikatika, na wewe basi tena.

Aliyeibuni ni Emmett Chapman, Mmarekani mpiga gitaa la jazi. Mwaka 1969 aligundua kwamba mikono miwili ikiingia kwenye shingo ya gitaa kutoka pande mbili zinazoelekeana, vidole vikalala sambamba na freti, kila mkono unaweza kupiga mambo yake peke yake. Mwaka 1974 akaanza kuziuza. Wengi tuliijua kwa Tony Levin, mpiga besi wa bendi ya King Crimson na wa mwimbaji Peter Gabriel.

Sasa tuje kwenye kilichonitesa.

Sisi tuliokulia kwenye ngoma ndogo za kidumbaki tukisikia "gonga" mkono unajua la kufanya: kidole kinagusa ngozi na kurudi upesi, maana ukikiacha pale umeizima sauti. Kwenye Stick ni kinyume kabisa. Kidole ndiyo nyundo, na kidole hichohicho ndicho kinachoubana uzi kwenye freti. Kinachotetemeka ni kipande cha uzi kuanzia freti hiyo mpaka kwenye daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwishoni. Kipande kinachobaki upande wa kichwani kimezibwa na kizibo laini kisitoe kelele. Ukiinua kidole, yote yamekwisha. Piano haifanani nayo, kwa sababu nyundo ya piano inapiga na kukimbia. Inayofanana nayo ni klavikodi, kinanda cha zamani cha Ulaya, ambacho kipande chake cha shaba kinaugonga uzi na kubaki hapohapo mpaka mpigaji aachie.

Basi wiki zangu za mwanzo nilikuwa natoa sauti za tik, tik, tik, kama mvua ya kwanza kwenye bati. Nikaongeza nguvu, ikawa mbaya zaidi. Dawa yake ilikuwa kupunguza: gonga nyuma tu ya freti, karibu nayo bila kuikanyaga, nyuzi ziko chini sana hivyo hazihitaji kishindo. Kaa. Hesabu nne. Halafu achia.

Huko kwenye kuachia ndiko kulikokuwa na donda langu. Mpiga kanuni anavaa risha kwenye vidole vya shahada, na vidole hivyo vinajua jambo moja tu, kuvuta. Kila nilipoinua kidole cha kulia, kilijikunja kidogo na kuubeba uzi, ukatoa mlio wa pili ambao sikuuomba. Sikuusikia wakati napiga. Niliusikia niliporekodi kwa simu baada ya alasiri, uwani, nikasikiliza miisho ya sauti badala ya mianzo. Tangu hapo kila mwanafunzi anayetaka kuishika namwanzisha hivyo: kidole kimoja, uzi mmoja, na somo la siku ni kuinua kidole wima, kama unavyokinyanyua kutoka kwenye chai iliyomwagika mezani.

Mpango wa nyuzi unachanganya siku mbili tatu, kisha unakuwa neema. Tano za muziki wa juu zimepandana kwa umbali wa do hadi fa. Tano za besi zimepandana kwa do hadi sol, na ile nzito kuliko zote iko katikati ya ubao. Kwa hiyo mkono wa kushoto ukiweka do kwenye uzi mzito, sol iko uzi wa jirani, freti ileile. Uzi unaofuata, freti mbili mbele, unapata mi ya juu. Rudi freti moja, sauti inaingia huzuni. Umbo hilohilo unahama nalo popote. Mimi huuachia mkono huo mwendo wa sanduku, ile besi ya kidumbaki, kulia nikaweka wimbo.

Maqamu, ile mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, ndiyo kesi nyingine. Nahawandi inakaa vizuri, hijazi inavumilika. Rasti na bayati zina sauti zinazolala baina ya freti mbili, ambazo kwenye kanuni nazipata kwa kunyanyua kijichuma kidogo. Hapa inabidi ugonge freti ya chini kisha uusukume uzi pembeni mpaka sauti ipande robo. Inawezekana, ila wimbo mzima hivyo ni adhabu. Rasti nimeiachia kanuni, sina ugomvi.

Na ukiwa karibu na bahari, futa nyuzi kila ukimaliza. Hewa ya chumvi inazila, na uzi wenye kutu unakwaruza vidole.

Yule mzee, mwisho wa mazoezi, alisogea akaweka kidole kimoja cha kushoto juu ya uzi, tap, kikakaa. Sauti ikatoka safi, ndefu, na alipoinua ikakatika bila mlio wa ziada. Mara ya kwanza tu. Miaka yote ile mkono wake wa fidla ulikuwa ukibana na kuachia, wala haujawahi kuvuta. Nilimtazama sikusema kitu.

"Nzuri," akasema. "Upinde wake umeuweka wapi?"