Kutenganisha waya za volti tofauti ni nini hasa

Sikuhizi nyumba nyingi za Mkomani hapa Lamu, haswa zile za kukodisha wageni, zina stima ya kawaida ya 240, zina sola ya volti 12 ama 24 juu ya sakafu ya dari, kamera mlangoni na waya ya intaneti, na zote zimeteremka ndani ya paipu moja. Sababu yaeleweka, ukuta wa matumbawe na chokaa ni mnene na mwenye nyumba hataki uchimbwe mara mbili, basi fundi akipata njia moja anapitisha kila kitu humo.

Kutenganisha maana yake waya za volti kubwa na za volti ndogo zisikae mahali ambapo kubwa inaweza kuingia kwa ndogo. Ama kila moja na paipu yake, ama tranki (mfereji wa kupitishia waya) yenye kigawanyo katikati, na kama hapana budi zikae pamoja basi KILA waya iliyo humo iwe na ganda la kuhimili ile volti kubwa kuliko zote. Yaani waya ya 12 ikishalala na ya 240, ihesabu ni waya ya 240. Angalia maandishi ubavuni mwa waya, za nyumbani utakuta 300/500V au 450/750V, lakini vile viwaya vya kengele na vya kamera mara nyingi havina ganda la kiwango hicho.

Sasa tuseme fundi alipokuwa akivuta ganda likachunika kwenye kona ya paipu, ama panya amefanya yake. Ile 240 inagusa waya ya sola. Wengi hudhani breka itaanguka, lakini upande wa betri mara nyingi haukuungwa na ethi, yaani waya ya ardhini, kwa hivyo stima haina pa kwenda, inatulia tu pale, taa za 12 zinaweza kuendelea kuwaka kama kawaida na wewe hujui chochote, mpaka mtu ashike terminali ya betri ambayo iko wazi manake kila mtu anajua volti 12 haipigi, na njia ya kwenda ardhini inakuwa ni yeye. Hii ndio inayonitia hofu mimi kuliko kamera kuungua.

Halafu sola si volti ndogo kila wakati jamani. Paneli moja kubwa bila mzigo yaweza kutoa kama volti 40, ukiziunga kumi kwa mfululizo ni 400, imeshapita stima ya nyumba. Na hiyo ni DC, stima inayokwenda upande mmoja tu, ikipiga cheche haizimiki kirahisi, kwa sababu stima ya kawaida, yaani AC, hugeuka upande na kupita sifuri mara 100 kila sekunde na cheche inapata nafasi ya kufa, DC haipiti sifuri kamwe. Ndio maana breka ya AC usiiweke kwa paneli.

Kwenye maboksi ni vilevile, swichi ya 12 na ya 240 zisikae boksi moja bila kigawanyo, na hapa kwetu upepo wa bahari unaleta chumvi, shaba inafanya kutu ya kijani na ule uchafu ukipata unyevu unapitisha stima kutoka terminali hii hadi ile. Soketi ya pini tatu usiifanye ya volti 12, mgeni atachomeka pasi. Rangi nazo ni mtihani, nyeusi kwenye waya za zamani ni nyutro (waya ya kurudisha stima), kwa sola ni hasi, bandika lebo tu. Waya ya intaneti ikikatiza ya stima kwa kukingama haina neno, isitambae nayo sambamba ukuta mzima.

Ukitaka kuzitoa kwenye paipu mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi na petroli ya Kenya, na kabla hajashika kitu zima mein swichi, zima inverta (ile inayogeuza stima ya betri kuwa ya 240), kata betri na paneli pia, mein swichi peke yake haigusi sola.