Ukitaka postdoki kwenye sayansi ya vipimo, andiko lako la utafiti lianzie kwenye mashaka ya kipimo

Watu waliomaliza PhD ya fizikia, kemia au uhandisi huwa wananiuliza, hivi kwenye vipimo kuna nini cha kutafiti miaka miwili mizima ya postdoki (ile kazi ya utafiti ya muda baada ya PhD), si kila kitu kilishapimwa? Jamani, bado sana. Tarehe 20 Mei 2019 kilo yenyewe ilibadilishwa maana, ikaachana na lile silinda la platinamu na iridiamu lililokuwa linatunzwa Ufaransa tangu 1889, sasa inategemea namba ya Planck, namba ya kifizikia isiyobadilika, na kuitoa kilo kwenye hiyo namba unahitaji mzani wa Kibble (unaolinganisha uzito na nguvu ya umeme) au tufe la silikoni (unahesabu atomi zake), mitambo ambayo watu bado wanapambana kuiboresha. Sekunde nayo inafuata, maana saa za strontiamu zinazotumia leza zimeshaizidi kwa usahihi ile ya sesiamu iliyoshika usukani tangu 1967.

Nafasi inayojulikana zaidi ni ya NIST, taasisi ya taifa ya vipimo kule Marekani, ile inayopitia NRC (Baraza la Taifa la Utafiti la huko), miaka miwili, Gaithersburg au Boulder. Lazima uwe raia wa Marekani, angalia hilo kabla hujaandika hata mstari mmoja. Kama sio raia, fuatilia ajira zinazotangazwa na taasisi za vipimo za kwingine, kama PTB Ujerumani au NPL Uingereza.

Kwa NIST unaleta andiko lako mwenyewe, na mshauri wa ndani unatakiwa uwe umeshaongea nae, kwa hiyo mwandikie mapema, sio wiki ya mwisho.

Sasa hapa kwenye andiko ndo penyewe. Mengi niliyosoma yanasema "nitapima kwa usahihi zaidi" halafu basi, mashaka ya kipimo, yaani namba yako inaweza kukosea kwa kiasi gani, yanatoka wapi hayasemi. Chukua kipande cha chuma cha kusanifishia urefu, cha milimita 100. Urefu wake unatajwa kikiwa nyuzi 20 za Selsiasi, na chuma kinatanuka kama sehemu 11.5 kwa milioni kwa kila digrii, yaani digrii moja tu ikipanda umeshaongeza zaidi ya mikromita 1, yaani nanomita 1000, wakati kwenye andiko umeahidi nanomita 20! Mi nilipokuwa mgeni maabara nilikishika kwa vidole vitupu, nikapima baada ya dakika kumi, namba zikawa zinashuka taratibu, nikahisi leza ninayopimia ndo ina shida nikaihangaikia siku nzima, kumbe chuma kinapoa tu. Siku hizi nakiacha kitulie hadi kesho yake.

Kwa hiyo ukimwandikia mshauri, mtumie jedwali moja: joto, leza, hewa, namna kipande kilivyokaa, kila kimoja kinachangia nanomita ngapi, na ule mstari mkubwa kuliko yote ndo useme utaupunguzaje. Mimi nikipokea barua ya hivyo najibu siku hiyo hiyo.