“Fangasi ya damu”: kipimo unacholipia na kipimo usichoulizia

Malalamiko tunayopokea mezani siku hizi yanafanana. Mtu anafika na karatasi ya majibu imeandikwa “FANGASI KWENYE DAMU +++”, dawa amemeza, fedha imekwisha, muwasho uko palepale. Karatasi nyingi hazionyeshi kipimo gani kilifanyika wala nani alikifanya. Ndiyo maana tumeona tutoe elimu hii kwa wananchi wa Mbeya na mikoa jirani.

Wiki chache zilizopita alikuja mama mmoja mchuma chai kutoka upande wa Rungwe. Nilimwamkia, akaitikia “marahaba mwanangu”, akafungua pindo la khanga na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alilipa shilingi 35,000 kwa kipimo, kisha akauziwa vidonge vya mwezi mzima vya “kusafisha damu”. Nikamwomba avue viatu. Katikati ya kidole cha nne na cha mwisho ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa, imechanika. Mama huyu anavaa gambuti tangu alfajiri, na mvua ya Tukuyu kila mtu anaijua. Tulikwangua magamba machache, tukayadondoshea potasi (kemikali ya kulainisha magamba), tukasubiri dakika 15, tukaangalia kwenye hadubini. Nyuzi za fangasi zilionekana wazi, zimekatizana kama mizizi. Damu yake hatukuigusa.

Fangasi wa miguuni, mapunye na fangasi wa kucha wanakula ngozi ya juu iliyokwisha kufa, nywele na kucha. Huko ndiko waliko. Kwa mtu mwenye kinga ya kawaida hawaingii kwenye mzunguko wa damu, hivyo damu haina habari zao. Fangasi wa ukeni vilevile: sampuli ni majimaji ya uke yanayochukuliwa kwa pamba. Na si kila uchafu wa ukeni ni fangasi. Wenye harufu kali mara nyingi ni bakteria, na dawa yake ni nyingine kabisa.

“Mbona wengine wanatoa damu kweli na mashine inasoma?” Vipo vipimo vinavyotafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza, dhidi ya kandida. Kandida ni jamii ya hamira, anaishi kinywani na tumboni mwa watu wengi wenye afya njema. Ukitafuta kingamwili zake utazipata kwa mgonjwa, na utazipata pia kwa jirani aliyemsindikiza. Jibu la namna hiyo halimtofautishi mwenye ugonjwa na asiye nao. Kuhusu vile vifaa vya kushika chuma mkononi kisha kompyuta ikatoa orodha ya magonjwa, niseme tena, maana tumekwisha sema sana: hakuna fangasi anayepimwa kwa njia hiyo.

Fangasi kuingia kwenye damu ni jambo linalotokea, lakini kwa mgonjwa wa aina nyingine: aliyelazwa chumba cha uangalizi maalumu, mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa kwa siku nyingi, mtoto njiti, anayetibiwa saratani. Huyo huchukuliwa damu, ikawekwa kwenye chupa za kuoteshea na kufuatiliwa kwa siku kadhaa. Pamoja na kazi yote hiyo, uoteshaji hunasa takribani nusu tu ya wagonjwa wenye kandida aliyesambaa mwilini. Vipo vipimo vya damu vinavyotafuta sukari za ganda la fangasi, navyo vina mipaka. Kimoja kinaweza kusoma “yupo” kwa sababu tu mgonjwa amesafishwa damu kwa mashine ya figo au amewekewa albumini. Basi mtu aliyefika kwa miguu yake akilalamikia muwasho anapewaje +++ ndani ya robo saa?

Madhara yake si ya mfukoni tu. Baadhi ya vidonge vya fangasi huumiza ini. Vidonge vya ketoconazole, ambavyo watu wanavimeza kama pipi, Ulaya ilishauri viondolewe sokoni mwaka 2013 kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye kipimo cha damu tunachokiamini. Kriptokokasi ni fangasi wa kwenye udongo na kinyesi cha ndege, hasa njiwa. Mtu humvuta kwa pumzi. Kinga ikishuka sana, fangasi huyo hufika kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Kipimo chake kinaitwa CrAg, na kinatafuta antijeni, yaani vipande vya fangasi mwenyewe. Tone moja la kiyeyusho, maikrolita 40 za majimaji ya damu, ukanda mmoja, dakika 10. Mstari mmoja maana yake hayupo, miwili yupo. Kati ya wagonjwa 100 wenye maambukizi haya, kipimo hunasa takribani 98, na ni nadra kumsingizia asiye nayo. Antijeni yenyewe huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma, na hapo ndipo maisha yanapookolewa.

Anayekihitaji ni mtu anayeishi na VVU ambaye CD4 zake (seli za kinga) ziko chini ya 200. Hili linatuhusu sisi wa nyanda za juu kusini kuliko wengi. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta maambukizi ya VVU kwa wenye miaka 15 na zaidi ni asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya. Utafiti mwingine, uliofanyika Dar es Salaam na Lusaka na kutolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kupima CrAg pamoja na kuwatembelea wagonjwa nyumbani mwanzoni mwa matibabu kulipunguza vifo kwa asilimia 28. Pamoja na hayo, katika watu wote waliowahi kuniuliza bei ya “fangasi ya damu”, sikumbuki hata mmoja aliyeulizia CrAg.

CrAg ikisoma mistari miwili, daktari atataka maji ya uti wa mgongo, yanayotolewa kwa sindano, aone kama fangasi amefika kwenye ubongo. Hapo ndipo watu wanapotoroka, kwa sababu wamesikia sindano ile inapoozesha au inaua. Ndugu zangu, kinachoua ni kriptokokasi. Wengi waliokufa baada ya sindano waliletwa wakiwa tayari wamechanganyikiwa au hawaoni. Pia usirudi kupima CrAg kila mwezi ili uone kama umepona: huweza kubaki kwenye damu miezi mingi baada ya tiba. Na ARV usianze wala usisimamishe kwa uamuzi wako. Upangaji wa muda huo ni wa daktari.

Kuhusu malalamiko, utaratibu ni huu. Karatasi ya majibu iwe na jina la maabara, jina la kipimo, aina ya sampuli, tarehe, na jina na saini ya mtaalamu. Maabara binafsi lazima iwe imesajiliwa na Bodi ya Maabara Binafsi za Afya, na cheti kinabandikwa mahali mteja anakiona. Mtaalamu naye husajiliwa na baraza lake. Lalamiko linaanzia ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, kwa mratibu wa maabara, kisha mkoa, kisha Bodi. Likithibitika, maabara inaweza kuonywa, kufungiwa, kufutiwa usajili au kufikishwa mahakamani. Bila karatasi na risiti tunabaki na maneno ya mdomo, na kwa maneno ya mdomo hatufungi maabara ya mtu.

Kwa hiyo usiichane karatasi kwa hasira. Tuletee nakala yake na ya risiti, halisi ubaki nazo. Na kama shida ni ya ngozi au kucha, siku ya kuja usiwe umepaka krimu.