Je, wajua kwa nini propela kavu hulia gari likienda taratibu na kunyamaza likikimbia?

Dereva wa watalii anayerudi Arusha kutoka Serengeti wakati wa kiangazi anaifahamu sauti hii: gari linaingia getini polepole, na chini yake kunasikika mlio mwembamba wa "kwii, kwii, kwii" unaofuatana na mwendo, ukienda mbio kadiri gari linavyoenda mbio, kisha kasi ikipanda kidogo unatoweka. Wengi hufarijika hapo. Ukweli ni kwamba mlio haukukoma, bali umefunikwa na injini, upepo na matairi, na chanzo chake mara nyingi ni krosi ya propela iliyoishiwa grisi.

Propela ni bomba la chuma linalopeleka nguvu kutoka kwenye transfa, sanduku la gia lililo nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, hadi kwenye difu, yaani gia za kwenye ekseli zinazozungusha magurudumu. Gari la foo wili lina propela mbili, ya mbele na ya nyuma. Kwa kuwa ekseli hupanda na kushuka katika kila shimo ilhali transfa imefungwa kwenye chasisi, propela haina budi kupinda na kurefuka huku ikizunguka. Kurefuka hufanyika mahali ambapo kipande chenye meno huteleza ndani ya kingine. Kupinda ni kazi ya krosi, kiungo ambacho kanuni yake huhusishwa na Mwitaliano Gerolamo Cardano wa karne ya 16 na Mwingereza Robert Hooke wa karne ya 17. Kila mkono wa krosi, kati ya mikono yake minne, umevikwa kikombe kidogo cha chuma, na ndani ya kikombe mna roli nyembamba kama sindano zinazoogelea katika grisi.

Roli hizo hazizunguki mzunguko kamili. Huyumba huku na huku katika eneo dogo sana. Kwa hiyo grisi ikisukumwa nje, au maji ya korongo na vumbi laini la volkano lililojaa kati ya lango la Loduare la kuingilia Ngorongoro na lango la Naabi la Serengeti yakipenya kwenye sili, mpira unaoziba mdomo wa kikombe, hakuna kinachorudisha ulainisho mahali pale pale panapobeba mzigo. Chuma kinasugua chuma, kutu inaanza, na roli zinachimba mifereji kwenye mkono wa krosi. Ukiingia chini ya gari na tochi utaona unga mwekundu wa kutu umezunguka mdomo wa kikombe, wakati vikombe vingine vimezungukwa na tope jeusi lenye mafuta. Kikombe chenye unga mwekundu ndicho kinacholia, na mara nyingi kimekwisha kuharibika.

Nionavyo mimi, dereva anayemwambia fundi kwamba "gari linalia chini" na kuishia hapo amempa ruhusa ya kubadilisha chochote. Swali la kwanza liwe: sauti inafuata nini? Inafuata injini, inafuata propela, au inafuata gurudumu? Jibu hupatikana bila kifaa chochote. Katika magari mengi ya safari propela huzunguka karibu mara 4 gurudumu linapozunguka mara moja, kwa sababu difu hupunguza mwendo kwa kiasi hicho. Chora alama ya chaki ubavuni mwa tairi, dereva aendeshe kwa mwendo wa mtu anayetembea mahali tambarare palipotulia, nawe utembee pembeni, mbali na gurudumu, ukihesabu. Milio 4 hivi, au 8, kwa mzunguko mmoja wa tairi inaelekeza kwenye propela. Mlio mmoja unaelekeza kwenye breki, beringi ya gurudumu au tairi lenyewe. Sauti ikibadilika unapokanyaga mafuta gari likiwa limesimama katika gia huru, waache propela na difu, urudi kwenye injini, kluchi na giaboksi.

Mlio wa "tong" mmoja mzito, unaosikika unapoachia kluchi au unapobadili kutoka gia ya mbele kwenda ya nyuma, ni habari nyingine. Huo ni mwanya unaozibwa kwa kishindo, na mwanya waweza kuwa kwenye krosi iliyolika, kwenye meno ya sehemu ya kuteleza, kwenye bolti zilizolegea za flenji (bamba ambalo propela hufungwa kwalo) au ndani ya difu. Mvumo wa "vuuu" unaobadilika ukikanyaga mafuta na ukiyaachia kwa kawaida ni wa difu, ilhali mvumo unaobadilika ukikata kona kushoto na kulia ni wa beringi ya gurudumu. Mtatariko wa "ka-ka-ka" usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho huku foo wili ikiwa imewekwa hutoka kwenye viungo vya ekseli ya mbele, navyo vina grisi yake na buti au sili zake.

Katika magari yenye haabu (vitovu vya magurudumu ya mbele) za kufunga na kufungua kwa mkono kuna jaribio jingine rahisi. Haabu zikiwa zimefungwa, propela ya mbele huzunguka hata kama foo wili haikuwekwa. Zikifunguliwa na gari likaendeshwa kwa magurudumu ya nyuma pekee, propela ya mbele husimama. Kelele ikitoweka hapo, umeshaondoa nusu ya gari kwenye uchunguzi. Nyongeza moja tu: gari lisilo na difu ya katikati, ile inayoruhusu propela ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti, lisiendeshwe kwenye lami kavu likiwa katika foo wili, kwa maana katika kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo hubaki ikizisokota propela na kuzielemea krosi.

Baada ya kusikiliza, tumia mikono. Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa, magurudumu yamewekewa mawe mbele na nyuma, gia iwe huru. Shika uma mmoja wa krosi, yaani chuma chenye pembe mbili kinachobeba vikombe viwili, kwa mkono wa kushoto na wa pili kwa mkono wa kulia, kisha zungusha kinyume na kinyume huku jicho likitazama vikombe. Propela nzima ikicheza kidogo pamoja na flenji, huo ni mwanya wa kawaida wa meno ya difu. Uma mmoja ukicheza ilhali mwenzake umetulia, krosi imekwisha, hata mchezo uwe mdogo kiasi gani. Grisi itaizimisha kelele kwa siku chache tu, na hapo ndipo madereva hudanganyika.

Upigaji grisi wenyewe una utaratibu wake. Futa kwanza tundu la grisi, la sivyo unasukumia vumbi ndani. Tumia grisi ya lithiamu ya namba 2, piga taratibu mpaka grisi mpya ichungulie katika vikombe vyote vinne. Ikitoka katika vitatu, kile cha nne bado ni kikavu, kwa hiyo zungusha propela, itikise kidogo, upige tena. Kwenye sehemu ya kuteleza usishindilie: grisi ikijaa kupita kiasi, propela hukosa nafasi ya kufupika gari linapodidimia kwenye shimo, na msukumo huo huishia kwenye beringi za transfa na difu. Kitabu cha gari hutaja muda mfupi zaidi kwa magari ya barabara za vumbi na tope, nami ningepiga kila baada ya safari ndefu, na siku ileile gari likivuka maji.

Magari mengi ya watalii jijini Arusha yamerefushwa chasisi, na propela zake za nyuma nazo hurefushwa. Kadiri bomba linavyokuwa refu ndivyo linavyoanza kujipinda na kutetemeka katika kasi ndogo zaidi, hivyo propela iliyounganishwa kwa kuchomelewa bila kusawazishwa hutetemesha sakafu kwenye lami ya Makuyuni, ingawa kwenye vumbi, kwa mwendo mdogo, ilionekana nzima. Lakini kabla ya kulaumu mchomeleaji, osha tope lililoganda kwenye bomba na uangalie kama vipande vidogo vya chuma vya kusawazisha bado vipo.

Propela ikifunguliwa, weka alama ya rangi kwenye flenji zote na kwenye sehemu ya kuteleza, irudi jino kwa jino. Krosi iliyopinda huongeza na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko, na krosi ya pili huufuta mtikisiko huo endapo tu uma zimekaa zilivyopangwa. Baadhi ya propela za mbele zina uma zisizolingana kwa makusudi, kwa hiyo usizinyooshe kwa kukadiria. Na kwenye Land Rover Defender ya zamani, ambayo breki yake ya mkono hushika propela ya nyuma pale kwenye transfa, kufungua propela hiyo ni kuondoa breki ya mkono kwenye magurudumu ya nyuma; mawe yawekwe kabla ya spana kugusa bolti ya kwanza.