Kwa nini bendera ya Tanganyika ikifumwa kwa kroshia hutoka fupi kuliko mchoro wake?

Mwanafunzi amepewa kazi ya mikono: afume bendera ya Tanganyika. Anaichora kwanza kwenye karatasi ya miraba, miraba 60 kwenda upande na 40 kwenda juu, uwiano wa 3 kwa 2 kama bendera yenyewe. Kisha anafuma, mraba mmoja fundo moja, na hesabu haikosei hata safu moja. Mwishoni anapata kitambaa kirefu kilichopungua kimo. Kwa nini?

Bendera yenyewe ina mistari mitano ya kulala: kijani, manjano, nyeusi, manjano, kijani. Kijani na nyeusi zilitoka TANU, na manjano ni michirizi myembamba katikati yake. Ilipandishwa usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Luteni Alexander Nyirenda akaisimika kilele cha Kilimanjaro, na ikatumika hadi Muungano wa 1964. Rangi zake tatu zimo bado katika bendera ya Tanzania, pamoja na buluu ya Zanzibar.

Sasa, ukiuliza wafumaji wengi, lawama ya kwanza huangukia mkono: umekaza uzi mno. Maelezo haya yanaonekana ya busara lakini hayatoshi. Mkono unaokaza hupunguza fundo zima, upana wake na kimo chake, kwa hiyo kinachotoka kwa sehemu kubwa ni bendera ndogo, siyo bendera yenye umbo jingine. Mkono ukibadilika katikati ya kazi, dalili yake ni pembeni: kitambaa hupanuka upande mmoja na kubana mwingine. Hapa pembe zimenyooka vizuri kabisa.

Dawa inayofuata nayo ni ileile kila mahali: ilowanishe, ivute, ipige pasi. Kwa sufu halisi inasaidia kiasi, maana sufu ikilowa hukubali umbo jipya na kulishika ikikauka. Lakini nyuzi nyingi za bei nafuu madukani ni za akriliki, yaani uzi wa plastiki. Hizo zikivutwa mbichi hurudi zilivyokuwa, na pasi ya moto huzilegeza moja kwa moja au kuziyeyusha. Kazi ya wiki nzima isipelekwe huko.

Tatizo liko kwenye karatasi. Mraba una pande sawa, fundo halina. Fikiria ukuta wa matofali: tofali limelala, upana wake unazidi kimo. Ukipanga matofali kumi upande na kumi kwenda juu hupati ukuta wa mraba, hata fundi awe hodari namna gani. Fundo fupi la kroshia ni tofali la aina hiyo. Sindano huingia chini ya nyuzi mbili zilizolala juu ya fundo la safu iliyopita, inavuta kitanzi, kisha inavuta uzi kupitia vitanzi vyote viwili. Kwa kuwa kila safu inaanzia chini ya kichwa cha safu iliyotangulia, sehemu ya kimo humezwa. Upana haumezwi na chochote.

Tuseme kipande cha majaribio kinatoa mafundo 14 na safu 16 katika sentimita 10. Mafundo 60 yatakuwa na upana wa sentimita 43 hivi, na safu 40 zitafika kimo cha 25 tu. Ili kupata uwiano wa 3 kwa 2, kimo kiwe karibu 28.6, yaani safu 46. Takwimu zako zitategemea uzi, sindano na mkono wako, kwa hiyo fuma kipande cha majaribio na ukipime kabla ya kuchora. Anayetumia fundo refu, ambalo uzi huzungushwa kwanza kwenye sindano, hukutana na kinyume chake: hilo ni tofali lililosimamishwa, na miraba 60 kwa 40 inaweza kumpa bendera iliyo ndefu kwenda juu kuliko upande.

Bendera ya Tanzania ni ngumu zaidi kwa sababu ya mstari wake wa mshazari: ukiongeza safu bila kuuchora upya, hautagusa pembe. Ya Tanganyika haina shida hiyo, ila ina moja ndogo ya kuvutia. Kitambaa kinachogeuzwa kila safu huonyesha mpaka wa rangi ulionyooka upande mmoja, na upande wa pili vidoti vya rangi ya zamani vinachungulia. Mchirizi wa manjano wenye safu tatu utakuwa na ukingo mmoja safi na mmoja wenye vidoti, mbele na nyuma. Zipe rangi zote safu shufwa, mbili, nne, kumi na mbili, na mipaka yote minne itakuwa safi upande mmoja. Huo ndio utakaotazama darasa.