Zege la baridi na ndoo ya maji: kwa wanaojenga Nyanda za Juu Kusini

Saa nane mchana, zege limeanza kukakamaa kwenye karai, vijana wamechoka, na bado kuna kipande cha lenta hakijamwagwa. Mmoja anapaza sauti, "Jamani, zege halilali!" Mwingine anakuja mbio na ndoo ya maji kulilainisha. Sisi tunaopima zege maabara tukiletewa zege bovu, ndoo hiyo ndiyo tunayoiulizia kwanza.

Saruji inahitaji maji kiasi cha robo ya uzito wake tu ili ishikane. Mengine tunayatia ili zege lilainike na kupenya katikati ya nondo. Hayo ya ziada hukauka baadaye na kuacha vitundu visivyoonekana kwa macho, na udhaifu wa zege uko humo. Kwa mfuko wa kilo 50, maji lita 25 hivi yanatosha. Ukifikisha lita 35 umepoteza theluthi ya nguvu au zaidi, na saruji umeinunua kwa bei ileile. Zege likiwa zito, lishindilie kwa nondo au vibreta (mashine ya kutetemesha zege), usilinyweshe. Na lililokwisha kuanza kushika halifufuliwi kwa maji. Changanya kiasi mnachoweza kumwaga ndani ya saa moja.

Katika hizo lita 25 hesabu pia maji yaliyomo kwenye mchanga. Mchanga wa mfuko mmoja una kilo 100 na ushee. Ukiwa na unyevu wa asilimia 5, umekuja na lita 5 zake. Aliyezoea kuchanganya Iringa mwezi wa tisa, mchanga ukiwa mkavu, akihamia Tukuyu mwezi wa nne na vipimo vilevile atapata uji. Mchanga mbichi pia huvimba, kwa hiyo ndoo iliyojaa haina mchanga mwingi kama unavyodhani.

Kokoto nazo zinatofautiana. Iringa wamebahatika kuishi juu ya miamba ya granite, hata Gangilonga ni mwamba huohuo, na kokoto zake ni ngumu, hazinywi maji sana. Rungwe na Mbeya kuna mawe mepesi ya volkano, mengine yanaelea ukiyatupa majini. Hayo hunywa maji ya zege, kijana akaona limekauka, akaongeza ndoo. Kwa tofali yanafaa. Kwa nguzo, lenta au slabu, usiyaguse bila mhandisi kukuelekeza.

Sasa kipimo, maana hapa mafundi wazuri kabisa wanapotelea. Kila mmoja amekariri 1:2:4, yaani saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne. Tatizo ni anavyopima: mfuko mmoja wa saruji, toroli mbili za mchanga, toroli nne za kokoto. Mfuko wa saruji una ujazo wa lita 35 hivi tu, wakati toroli iliyojazwa vizuri hubeba lita 60 au zaidi. Fanya hesabu: hiyo imekuwa karibu 1:3.5:7, zege la kusawazisha chini ya msingi, na wewe umelipandisha kwenye lenta! Tumia ndoo ya lita 20. Mfuko mmoja unataka ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, zikatwe kwa ubao juu, zisijazwe kichuguu. Nguzo na slabu ya ghorofa hufuata mchoro wa mhandisi, na mara nyingi huhitaji saruji nyingi kuliko hapo.

Mchanga usiouamini, upime mwenyewe. Jaza nusu chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, iache saa tatu. Kwa kila sentimita 10 za mchanga, tope linalotua juu lisizidi milimita 8. Likizidi, uoshwe au urudishwe kwa mwenye lori.

Baada ya kumwaga, mambo hugeuka: maji yaliyokuwa adui yanatakiwa. Na huku kwetu kuna imani moja inayoniudhi, kwamba kwa sababu kuna baridi, zege halihitaji kumwagiliwa. Niliwahi kuitwa nyumba moja Ipogolo ambayo sakafu yake ilikuwa inatoa unga kila ikifagiwa. Mwenye nyumba aliniambia, "Tulimwaga mwezi wa saba, jua halikuwa kali." Kweli, jua halikuwa kali. Lakini kiangazi cha huku hewa ni kavu na upepo hauna huruma (waulizeni watu wa Makambako), na upepo hukausha zege kama unavyokausha nguo. Halafu baridi yenyewe hupunguza kasi ya saruji kushika. Kwa hiyo penye siku 7 za kumwagilia, Juni na Julai weka 10 hadi 14. Tandika magunia yaliyoloa, juu yake nailoni.

Makete, Njombe na pande za Kitulo, ambako asubuhi nyasi huamka nyeupe, anza kumwaga saa tatu au nne ili zege lipate joto la mchana kabla ya usiku. Lifunike usiku huo kwa turubai na nyasi kavu. Maji yakigandia ndani ya zege bichi hutanuka na kulivunja kabla halijashika. Umwagiliaji nao usubiri jua lipande.

Kingine ni mirunda. Mbao za pembeni za lenta zinaweza kutoka baada ya siku mbili. Mirunda inayobeba slabu ikae siku 14 kwenye joto; kwenye baridi yetu, 21. Najua ya kukodi inahesabiwa kwa siku na mwenye nayo anapiga simu kila asubuhi. Ziweke siku hizo 21 kwenye bajeti kabla hujaagiza lori la kwanza la kokoto.