Pesa za TASAF si mshahara wa wavivu

Mitaani jina "kaya maskini", yaani kaya zinazopewa ruzuku na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, limegeuka tusi. Mama akionekana kwenye foleni ya malipo, wapo wanaonong'ona kwamba anakula pesa ya bure, eti ataishia kuinywea pombe. Wengine huona haya hata kujiandikisha.

Utaratibu wenyewe ni tofauti. Majina hupendekezwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, mbele ya majirani, kisha kaya huhakikiwa. Sehemu ya ruzuku ina masharti: watoto wahudhurie shule, wadogo wapelekwe kliniki. Wenye nguvu hupewa ajira za muda, kama kuchimba malambo au kutengeneza barabara, na hulipwa kwa jasho lao. Huyo mvivu yuko wapi?

Kuhusu pombe, Benki ya Dunia ilipitia tafiti za nchi nyingi mwaka 2014: ruzuku haikuonekana kuongeza ulevi wala sigara. Kwenye majaribio ya ruzuku ya TASAF huko Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, yaliyoanza 2010, kaya zilinunua kuku na mbuzi, zikajiunga na bima ya afya, na watoto wakapata viatu. Viatu, jamani!